Maswali Themanini na Tano

Alichokitaka wifi yangu Verlene kilikuwa kiti. Watu wa kanisani walidhani anatafuta cheo, na wengine walisema pembeni kwamba mama wa miaka hamsini na minane anahangaika na shule ya nini, si awaachie vijana. Mimi ninayekaa ng'ambo ya barabara, niliyekuwa namwona kila jioni akishuka kwenye gari kwa kushika mlango mikono miwili, nilijua ni kiti tu. Kiti chenye magurudumu na pa kuegemea, ndani ya chumba kidogo chenye dirisha, katika nyumba ya wazee alikofanya kazi miaka ishirini na saba akiwa amesimama.

Verlene ni mke wa marehemu kaka yangu, Dewitt. Alikuwa nesi wa leseni ndogo. Ndiye aliyegawa dawa, aliyesafisha vidonda, aliyewageuza wazee kitandani, na aliyeulizwa kila kitu na kila mtu, lakini karatasi za maana zilitiwa sahihi na mwenye leseni kubwa. Pale kwao kuna kazi moja ya kukaa na mafaili na kupanga matunzo ya kila mzee, na hiyo ni ya leseni kubwa. Aliyekuwa nayo alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi wa tatu. Mkuu wa manesi, Bi Colquitt, alimwambia Verlene bila kuzunguka: lete leseni, kiti ni chako.

Shule alikwishaimaliza, miaka mitatu ya masomo ya jioni baada ya zamu. Ulibaki mtihani. Sijui nani aliubuni mtihani huo, lakini nikimpata nina maneno naye.

Mimi nimeendesha basi la shule miaka thelathini na moja hapa mjini kwetu Palatka. Mtihani ninaoufahamu una maswali mia, ukipata sabini umepita, kila mtu aende kwao akale. Huu wa manesi haujui mambo hayo. Unakaa mbele ya kompyuta, inakupa swali la kadiri. Ukilipata, inakuletea gumu zaidi. Ukilikosa, inakushusha. Huruhusiwi kuruka swali, wala kurudi kwenye ulilokwisha kujibu hata kama moyo unakusuta. Inapanda na kushuka nawe namna hiyo ikitafuta unasimama wapi, juu ya mstari wao au chini yake. Ukishafika swali la themanini na tano, inaweza kukata wakati wowote. Ikiwa na uhakika umeuvuka mstari, inakata. Ikiwa na uhakika hujaufikia, inakata vilevile. Ikisitasita, inaendelea kukuuliza mpaka mia na hamsini. Na haikwambii neno. Unatoka, unarudi kwako, unangoja siku mbili za kazi ndipo ujue.

Mara ya kwanza ilimfikisha mia na hamsini. Nilimpeleka mimi Gainesville, mji wenye kituo cha mtihani, kwa sababu Verlene akiwa na wasiwasi haendeshi vizuri, nami nilikaa kwenye maegesho na mfuko wa karanga za kuchemsha karibu saa tano nzima. Alitoka amepauka, akaniambia wamemgeuza mifuko nje, wamemkagua miwani, wamempiga picha ya viganja kama mwizi wa benki, kisha wakamuuliza habari za wajawazito mpaka macho yakaanza kuona ukungu. Alianguka. Ile karatasi wanayompa aliyeanguka ilisema yuko chini ya mstari kwenye uzazi na watoto wachanga. Nilimwambia sishangai, maana katika nyumba ile mwenye umri mdogo kuliko wote ana miaka sabini na moja, na hajapata mimba karibuni. Alicheka kidogo.

Ukianguka unangoja siku arobaini na tano ndipo urudie. Alizitumia kusoma habari za wajawazito. Mara ya pili kompyuta ilikata kwenye themanini na tano, na hapo ndipo tulipojitia aibu.

Wale manesi vijana wa kazini kwake walikuwa wamemjaza maneno kwamba ikikata mapema, umepita. Verlene alitoka mle ndani anatembea kama msichana. Njiani kurudi tulisimama kwenye mgahawa wa Interlachen tukala kambare wa kukaanga na pai ya pichi, akalipa yeye. Jumapili mchungaji alimsimamisha, kanisa zima likapiga makofi, na bibi mmoja wa kwaya akamkumbatia akilia. Jumanne matokeo yakatoka. Alikuwa ameanguka, tena vibaya kuliko mara ya kwanza. Ile mashine ilikata mapema kwa sababu haikuhitaji kuuliza zaidi.

Hakwenda kanisani wiki tatu. Nilimpelekea chakula, akala amenipa mgongo. Jimbo letu lina sheria, ukianguka mara tatu hurudii tena mpaka ukae darasani upya, na yeye alikwishanitamkia kwamba darasani harudi.

"Nikianguka hii, wifi, ndiyo basi," aliniambia. "Sina miguu ya kuanza upya."

Sasa kosa lake lilianzia hapo. Badala ya kujifunza unesi, ambao aliujua, alianza kujifunza kompyuta. Kila akipata nafasi alikuwa kwenye simu anasikiliza watu wanaoeleza jinsi ya kutambua swali gumu na swali jepesi, ili mtu ajue katikati ya mtihani kama anapanda au anazama. Ukiona maswali yamekuwa mepesi, walisema, ujue unashushwa. Aliyashika hayo kuliko alivyowahi kushika kitu chochote shuleni. Nilichukia kumsikia. Nilimwambia dereva anayetazama kioo cha nyuma muda wote atagonga kilicho mbele, akaniambia nirudi kwenye basi langu.

Kila Jumapili jioni anakuja kwangu kunipima presha, kwa ule mkanda wa zamani wa kupampu kwa mkono. Zile mashine za betri hana imani nazo. Jumapili moja alikuwa amenifunga mkono, anashusha upepo pole pole na stetoskopu masikioni, nikapata wazo. Alipomaliza nikamwambia hiyo kompyuta yake basi inafanya kama yeye na mkono wangu. Anapandisha mpaka hasikii kitu, anashusha mpaka asikie. Hahesabu amesikia mapigo mangapi, anatafuta pale yanapoanzia.

Verlene alinifungua mkono, akasema, "Wifi, ni wewe uliyekuwa wa kusomea unesi."

"Nani akuendeshee gari?"

Kisha nikamuuliza jambo lililokuwa linanitatiza. Nani anaamua kwamba swali hili ni gumu na lile ni jepesi? Akasema hakuna anayeamua, ni wanaojibu. Swali jipya linajaribishwa kwanza kwa maelfu ya watahiniwa, na hata katika mtihani wako mwenyewe yamo kumi na tano yasiyohesabiwa, yamechanganywa na mengine, nawe huyajui. Wengi wakilikosa, linaandikwa gumu. Nikauliza maelfu hao ni watu gani. Akasema ni wanaotoka shule, vijana wa miaka ishirini na mbili, ishirini na tatu. Nikasema haya, tukaendelea na chai yetu ya barafu. Lakini jambo lile lilibaki kichwani mwangu, na nawaomba mlikumbuke.

Mara ya tatu ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa tatu, kiti kikiwa kimebakiza wiki mbili. Bi Colquitt alikuwa na mtu mwingine, binti mmoja wa pale kazini anaitwa Kaylin Strickland, mwenye leseni kubwa tayari, na hospitali moja ya Jacksonville ilikuwa inamvuta. Bi Colquitt alimwomba angoje mpaka Jumatano, na binti akakubali ingawa kule walikuwa wanamharakisha. Matokeo ya Verlene yangetoka Jumanne. Kwa hiyo mambo yalikuwa yamepangwa sawasawa, mtu asipoyagusa.

Tuliondoka alfajiri. Alikuwa na sweta mapajani kwa sababu chumba kile kina baridi, na alikuwa anasugua goti la kulia, lile baya. Nilimshusha mlangoni saa mbili kasoro, nikaegesha kivulini, nikalaza kiti.

Saa nne na nusu nilisikia mlango wa gari unafunguliwa. Aliingia, akafunga mkanda, akaweka mikono juu ya sweta. Hakuwa analia. Afadhali angelia.

"Imekata themanini na tano," alisema.

Niliwasha gari. Nilimwambia hiyo haina maana yoyote, inaweza kuwa huku au kule, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Alitikisa kichwa.

"Yalikuwa mepesi, Idella. Yote. Kumi ya mwanzo yalinisumbua kidogo, halafu yakaanza kushuka. Nilikuwa nayaona yanashuka."

Nikamuuliza mepesi vipi. Hilo ni jambo ambalo hatakiwi kusimulia, walimtaka atie sahihi kwamba hatasema maswali ya mle ndani, kwa hiyo akazunguka, akanipa mfano wa kufanana tu. Akasema chukulia mzee wa miaka themanini na mbili, jana alikuwa anamtambua binti yake, leo anavuta vuta shuka na kuongea na mkewe aliyekufa. Hana homa. Utafanya nini kwanza?

Mimi nikasema ningempa kidonge cha usingizi, nikampigia simu binti yake.

"Utamuua," alisema Verlene bila kunigeukia. "Mzee habadiliki kwa usiku mmoja hivi hivi. Ana ugonjwa mahali, mara nyingi mkojo, na mwili wake umechoka hata homa hauwezi kuipandisha. Unampima mkojo, unatazama amekunywa maji kiasi gani, unaangalia dawa gani mpya amepewa. Mtoto mdogo anajua hilo."

Tulikuwa tunaingia Hawthorne, taa ikawa nyekundu. Nilikuwa na miguu yote miwili kwenye breki na nikakumbuka maelfu wale. Vijana wa miaka ishirini na mbili. Ni wangapi kati yao waliowahi kusimama mlangoni kwa mzee saa kumi na moja asubuhi na kuona kwamba vidole vyake havishiki shuka kama jana? Mimi niliyezeeka ningempa kidonge. Swali lile halikuwa jepesi. Lilikuwa jepesi kwake.

Nilifungua mdomo. Taa ikawa kijani, nyuma wakapiga honi, nikaondoa gari, na sikusema kitu. Nilijiambia nisimpe matumaini tena, tulikwisha kula pai ya pichi mara moja na makofi ya kanisa yalikuwa bado masikioni. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Kufika Interlachen alitoa simu kwenye mkoba. Nilimuuliza anampigia nani, akasema Bi Colquitt. Nikasema ngoja Jumanne. Nilisema mara moja, tena kwa sauti ndogo, nami sauti ndogo sina, nimewatuliza watoto sitini kwenye basi bila kipaza sauti.

"Yule binti wanamsumbua kule Jacksonville," Verlene alisema. "Namfungia njia kwa ajili ya kitu ninachokijua. Mara ile nilitangaza kanisa zima, wifi. Safari hii acha nianguke kwa adabu."

Akapiga. Nilimsikia anasema pole kwa usumbufu, anasema mtihani haukwenda vizuri, anasema mpe Kaylin, ni msichana mzuri, wazee wanampenda. Akasema hapana, hapana, nina uhakika. Akashukuru mara mbili. Kisha akarudisha simu mkobani, akaegemeza kichwa kwenye kioo, na mpaka tunaingia Palatka alikuwa amelala au anajifanya amelala.

Jumanne saa tatu asubuhi nilikuwa napalilia azalea zangu, nikamwona anavuka barabara. Alikuwa amevaa sare za kazi, viatu vya nyumbani. Alinipa simu, nami nikaisogeza mbali kwa sababu sikuwa na miwani. Neno lilikuwa moja tu kwenye mstari wa matokeo. Amefaulu.

Tulisimama pale. Hakuna aliyeshangilia. Nilimshika bega, na nilifurahi na kuumia kwa wakati mmoja mpaka sikujua uso niuweke vipi. Nikamwambia ampigie Bi Colquitt sasa hivi, hapa hapa. Akapiga, na nilisimama karibu nikasikia yote.

Bi Colquitt si mtu mbaya. Alipiga kelele ya furaha, akampongeza, kisha akashusha sauti akaeleza. Kaylin alikuja Jumamosi akatia sahihi, na Jacksonville amekwishawakatalia. Hangeweza kumfukuza mtu aliyeacha kazi nyingine kwa ajili ya kiti hicho. Verlene alisema naelewa. Bi Colquitt akasema lakini kwa kuwa sasa ana leseni kubwa, anamhitaji sana. Wodi ya mashariki na ya magharibi hazina msimamizi. Mshahara utapanda.

Wodi moja ina vyumba ishirini na viwili. Kutoka mwisho wa mashariki mpaka mwisho wa magharibi nimewahi kutembea nilipokwenda kumtazama shangazi yangu, na nilipumzika katikati.

Alianza Jumatatu iliyofuata. Wanasema hajatokea msimamizi kama yeye, na naamini. Wiki ya kwanza alimtambua mzee mmoja aliyekuwa amekaa kimya mno, akampigia daktari mwenyewe kwa sahihi yake mwenyewe, mzee akapona. Aliposimulia hilo macho yalimwaka. Halafu alivuka kwenda kwake akapanda ngazi tatu za mlango wa mbele kwa makalio, akikaa kila ngazi, kwa sababu alidhani simwoni.

Jumapili alikuja kunipima presha kama kawaida. Kwenye meza yangu ya jikoni kuna viti viwili. Alinifunga mkanda, akapampu, nami nikaona nisipolisema siku ile sitalisema.

"Verlene, nilijua," nilimwambia. "Pale kwenye taa za Hawthorne. Uliponieleza habari ya yule mzee nilijua si swali jepesi. Nilijua umepita."

"Usiongee nikiwa napima."

Alishusha upepo, akasikiliza mpaka mwisho. Mia na sabini na nne, akasema, imepanda. Akaniambia nikae kimya dakika mbili apime tena. Sikukaa kimya. Nilimwambia kwamba halikuwa suala la kumwonea huruma asitumaini bure. Nilichoka. Miaka mitatu ya kumngojea, kumpeleka, kumletea chakula, kumsikiliza na simu yake. Pale kwenye taa nilitaka yaishe tu, hata yakiisha vibaya, nirudi nyumbani nivue viatu. Nilimwambia hivyo hivyo, sikulipamba.

Verlene alitoa stetoskopu masikioni akaiacha ining'inie shingoni. Alinifungua mkanda, akaukunja, akauweka kwenye kifuko chake na kuvuta zipu. Aliinama kufungua kamba za viatu na ilimchukua muda mrefu. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka soksi zimechora mistari.

"Ungesema, wifi," alisema.

Niliinuka, nikamsogezea kiti changu, nikainua miguu yake mmoja mmoja nikaiweka juu. Kisha nikaenda kuegemea sinki, maana kiti kingine hakikuwapo.